Lebo Mbili kwa Mapasa

Jumatatu, 20 Januari

Bangili mia tatu na kumi kabla ya saa sita. Umeme umekatika mara nne. Kila ukikatika, mashine ya lebo inasahau ilipofika na kuanza upya kama mlevi anayesimulia ugomvi wake. Ninabandika, ninapangusa, ninabandika. Gundi imenikausha kidole gumba hadi hakisikii kitu.

Ghala la duka la mtandaoni liko Afrika Kusini. Sijawahi kuliona, ila barua zake ninazijua. Lebo ikipinda, wanarudisha mzigo. Ikiwa na mkunjo, wanarudisha. Ikikaa kwenye kona ya katoni, wanarudisha. Kumbe skana yao haiwezi kuinama. Wanauza shaba yetu na mawe yetu ya kijani ya malakiti kwa watu ambao hawatajua hata siku moja Lubumbashi iko upande gani, halafu wanatufundisha sisi kubandika karatasi.

Patron Kambale, bosi wetu, amepita mara mbili kusema "Kongo ya digitali". Mtu wa Butembo, miaka ishirini ameuza viatu na vitenge kwa jumla, leo digitali. Barua za ghala zinakuja kwa Kiingereza. Ninazisoma mimi, ninamweleza, anatikisa kichwa kana kwamba alikuwa anazijua tangu zamani.

Mama Ngoie amekaa upande wa pili wa meza kwenye mto wake. Hasomi. Analamba kidole kabla ya kila lebo. Nimemwambia mara mia kwamba mate yanaharibu wino. Anasema ndiyo, halafu analamba.

Alhamisi, 23 Januari

Leo zamu ya mapasa, yaani mapacha. Ni watu wawili wadogo wa shaba, mwanamume na mwanamke, urefu wa kidole cha kati. Patron amewaandika kwenye tovuti: Kyungu na Kabange, mapasa wa Katanga. Mfuko mmoja, watu wawili. Desemba tulipeleka mifuko sitini, mingi ikaisha kabla ya Mwaka Mpya. Sasa anataka mia mbili.

Wazungu wanapenda sana majina. Kyungu ni pasa anayetangulia kutoka, Kabange ni anayefuata. Haikumjia Patron akilini kuniuliza, ingawa Kabange wa kweli anakula mshahara wake. Ndiyo, ni mimi. Kyungu wangu, dada yangu, yuko Goma, anauza nguo. Tuna mwaka wa tatu bila kuongea.

Mama alipokufa Kyungu hakuja. Alituma ujumbe. Mistari minne, yenye kosa la tahajia. Nikazika peke yangu. Tangu utotoni mama alikuwa hanunui kitu kwa mmoja. Kiatu kwa huyu, kiatu kwa yule. Fimbo vilevile, hata aliyekosa akiwa mmoja. Kwenye msiba nilinunua kitenge kimoja, changu. Nikakivaa, na mbingu haikuanguka. Mambo ya kizamani.

Mama Ngoie ni mtu wa Manono, na kule mapasa huheshimiwa kama machifu. Akishika mapasa wa shaba anawasalimu, kwanza mwanamume, kisha mwanamke. Shaba. Anaisalimu.

Jumatatu, 27 Januari

Goma imeanguka.

Hakuna kazi iliyofanyika. Patron ameshika simu tatu, moja sikioni, moja mkononi, moja mezani. Nyumba yake ya pili iko kule, bohari yake iko kule, dada zake wako kule. Waasi wameushika mji, uwanja wa ndege umefungwa. Mara anakaa kwenye kiti, mara anasimama. Mtu mnene akiogopa anaonekana mdogo ghafla. Sikumwonea huruma ya kutosha.

Barabarani kila mwenye redio amekuwa jenerali. Muuza mikate amenieleza jinsi yeye angepanga majeshi. Nikamwuliza mbona mikate yake haijapangika. Hakupenda.

Nimepiga namba ya Kyungu. Imezimwa. Nimepiga mara moja tu.

Jumatano, 29 Januari

Imezimwa. Mara kumi na moja.

Alhamisi, 30 Januari

Barua kutoka ghalani. Ndefu, yenye adabu. Adabu yao inanitisha kuliko matusi.

Wateja wanalalamika kuhusu mapasa wa Desemba. Kila mtu amepokea mmoja. Mama mmoja ameandika: nimelipia mapacha, nimepata mwanamume, sina shida na wanaume ila nilitaka wawili. Mwingine: mwanamke huyu anaonekana mpweke kwenye rafu yangu, mwenzake yuko wapi? Nyota moja. Nyota moja. Nyota mbili, huyu labda alimpenda yule mwanamume.

Ghala limeeleza. Kila mfuko ulikuja na lebo mbili, moja kwa kila mtu wa shaba. Kwao lebo moja ni kitu kimoja. Lebo mbili, vitu viwili. Kwa hiyo walifungua mifuko, wakatenganisha, mmoja sanduku hili, mmoja sanduku lile, wakauza mmoja mmoja. Kanuni iko wazi: seti inapewa lebo moja nje ya mfuko, na karatasi inayosema isitenganishwe. Wamefunga akaunti yetu mpaka tueleze kosa ni la nani. Vitu vyote, si mapasa tu. Hata bangili.

Patron alisoma uso wangu kabla sijamtafsiria. Akapiga meza. Bidhaa za mashariki hazipiti tena, bohari ya Goma haijulikani kama ipo. Kilichobaki kinachoingiza chakula ni ghala hilo. Akauliza nani alibandika.

Nikasema Mama Ngoie ndiye aliyebandika. Ni kweli. Mikono ni yake.

Akaitwa. Akaulizwa kwa nini. Akajibu kana kwamba ameulizwa kwa nini mvua inalowesha.

"Mapasa banabapaka sawasawa, Patron. Unapa mumoja, unapa na mwenzake."

Nilicheka. Kwa sauti.

Jumamosi, 1 Februari

Mama Ngoie amefukuzwa. Amekunja mto wake, amechukua kikombe chake cha bati, ameaga kila mtu hadi mlinzi. Amenitazama kidogo. Nilitegemea laana au machozi, nikajiandaa kuvidharau vyote viwili. Hakunipa nafasi.

Mtu asiyejua kusoma asishike kazi ya karatasi. Ndivyo nilivyojiambia nikirudi nyumbani kwa miguu. Nyani haoni kundule, na yule mama haoni hata lililo mbele yake.

Alhamisi, 6 Februari

Meza nzima ni yangu. Kimya. Hakuna kulamba, hakuna kusalimu shaba. Nilikuwa nikitaka hivi tangu mwaka juzi. Kazi inakwenda polepole zaidi kwa sababu yule mzee, pamoja na mate yake, alikuwa mwepesi.

Nimeandika barua ya maelezo kwa ghala. Nzuri sana. "Mfanyakazi mzembe ameondolewa na taratibu zimeimarishwa." Patron ameisoma kwa Kifaransa nilichomtafsiria, akasema ninaandika kama wakili. Kilemba cha ukoka, lakini nilikivaa.

Simu ya Kyungu imezimwa. Kuna mtu wa Goma, anauza maharagwe soko la pembeni, amesema duka la dada yangu lilikuwa limefungwa siku mbili kabla ya mji kuanguka. Alijuaje kuwa ni dada yangu? Akaniangalia usoni. Nimesahau kwamba tunafanana.

Jumatatu, 10 Februari

Ghala limejibu. Hawataki ushairi. Wanataka kumbukumbu ya uchapaji. Mashine inaweka tarehe, saa, idadi na jina la aliyechapa.

Nikaifungua bila wasiwasi wowote. Ninaandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba nilihisi kitu. Sikuhisi kitu.

17 Desemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mapasa wa shaba. Lebo mia moja na ishirini. Kabange.

Mifuko sitini. Lebo mia na ishirini.

Mama Ngoie hajui kuwasha mashine. Anabandika anachopewa. Angepewa lebo sitini angebandika sitini, labda angenung'unika, labda angeniuliza ya mwenzake iko wapi, lakini angebandika. Aliyempa mbilimbili ni mimi. Nilikuwa nimesoma kanuni. Nilimtafsiria Patron kanuni hiyohiyo, kwa mdomo wangu. Halafu nikaketi, nikaona majina mawili kwenye skrini, Kyungu na Kabange, na mkono ukaandika mia na ishirini. Haukuuliza. Ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mama dukani.

Mimi. Mwenye kitenge kimoja.

Nimejidharau mchana kutwa. Nina uzoefu wa kudharau, najua inavyofanywa vizuri.

Nimepeleka kumbukumbu ghalani. Wao hawajui Kabange ni nani. Kwao ni jina la bidhaa. Patron sikumwonyesha.

Ijumaa, 14 Februari

Akaunti imefunguliwa. Patron amenipa mkono mbele ya watu wote.

Limebaki swali moja la ghala. Kuna watu wa shaba thelathini na mmoja ambao hawajauzwa, kila mmoja peke yake, baadhi wenzao wameshakwenda nchi nyingine. Warudishwe au waharibiwe? Kuna vitufe viwili. Patron akasema haribu, kurudisha ni hasara tupu. Akaenda zake kwenye simu.

Nimebonyeza haribu.

Shaba haina mama. Hata hivyo nimejisikia vibaya hadi jioni kwa ajili ya vipande vya chuma. Upuuzi mtupu. Wanasema Bukavu nayo inaanguka. Kama Kyungu alikimbilia huko, basi.

Jumatano, 19 Februari

Hakuna habari.

Mchungaji wa jirani amesema nifunge siku tatu. Nikamwuliza yeye atafunga nini. Ana tumbo la kutosha kulisha kambi.

Jumatatu, 24 Februari

Namba nisiyoijua. Saa tano asubuhi, mkononi nina bangili. Karibu nisipokee kwa sababu namba zisizojulikana siku hizi ni matapeli tu.

"Kabange, njo miye. Niko Kilwa. Njia ilikufa. Usikate."

Sauti yangu mwenyewe, imechoka. Nikasema sikati. Baada ya hapo nikabaki ninageuza bangili mkononi, na yeye akadhani nimekata, akawa anaita jina langu, na simu ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikuwa anaidai.

Nimeunganisha hivi: alitoka Goma kwa meli siku mbili kabla haijaanguka. Bukavu. Uvira. Mashua ya Kalemie, siku ngapi sijui. Moba, Pweto, mara nyuma ya pikipiki, mara kwa miguu. Sasa Kilwa, ile ya kwetu Katanga, kwenye ziwa, analala uani kwa wauza samaki, ana homa, na mvua imeila barabara. Magari madogo hayapiti. Malori makubwa machache tu.

Lori la Patron linakwenda Kilwa Alhamisi kuchukua samaki wakavu. Nililiandikia mimi karatasi zake wiki iliyopita.

Jumanne, 25 Februari

Nimemwomba Patron. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Sikumaliza sentensi ya kwanza.

"Ndugu ya kutoka Goma?" akauliza. "Apande mbele, na shofa. Si nyuma na samaki."

Macho yake yalijaa maji. Dada zake wawili bado hawajapatikana. Nilikuwa nimeamua zamani kwamba mtu huyu ni mpuuzi, na sasa nilisimama mbele yake na ile mia na ishirini tumboni, nikamshukuru, nikatoka. Ningemwambia leo, angeweza kukasirika akaondoa kiti cha Kyungu. Mama Ngoie yuko kwake Katuba bila kazi, na mimi ninahesabu siku hadi Alhamisi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Firauni ni mimi.

Alhamisi, 27 Februari

Lori limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimempa shofa, yaani dereva, blanketi, dawa za malaria na jina. Akasema jina si lazima, atamtambua kwa sura yangu.

Jumamosi, 1 Machi

Nilisubiri shofa apige simu kutoka ng'ambo ya Kasomeno, mahali ambapo hata Patron hawezi kuligeuza lori. Ndipo nikaingia ofisini. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Woga wenye ratiba.

Nikaweka karatasi ya kumbukumbu mezani. Nikamwonyesha saa, idadi, jina.

Hakuitazama.

"Ngoie hajue kuwasha mashini," akasema. "Nilijua siku ile ile. Lakini weye unasoma barua za bazungu, yeye hasome. Ningefukuza nani?"

Alisema bila hasira, akiwa anatafuta miwani yake. Miaka minne nimemdharau mtu huyu kwa sababu hajui Kiingereza, na mwezi mzima alikuwa anajua na kuniangalia nikivaa kilemba changu. Nilitaka kumchukia. Nilipofika kwenye chuki nikakuta nafasi imejaa, nimekaa mimi.

Akasema nikimtaka Ngoie, niende kumleta mwenyewe. Na niandike barua nyingine kwa ghala, nirekebishe ile ya wakili. Jina langu liwe wazi.

Nimeiandika. Mistari mitatu. "Kosa la Desemba lilikuwa langu. Nilichapa lebo mbili kwa kila seti. Mfanyakazi aliyeondolewa hakuwa na kosa." Nimesoma tena mara mbili kutafuta makosa ya tahajia.

Jumapili, 2 Machi

Katuba, baada ya misa. Nyumba ya Mama Ngoie ina mlango wa bati la buluu. Alikuwa anachambua mboga. Akaniletea kiti kabla sijasema nimekuja kwa nini, na hilo liliniudhi. Mtu aliyekosewa apaswa kukuacha usimame.

Nikamwambia yote. Akaendelea kuchambua.

"Etiketi njo weye ulinipa, mbili mbili. Minajua. Nilifurahi," akasema. "Nilisema, huyu mutoto hayasahau ndugu yake."

Nikamwuliza basi mbona hakusema mbele ya Patron. Angebaki na kazi.

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Muntu hasemake mubaya juu ya mapasa."

Kwa hiyo alinyamaza kwa ajili ya jambo ambalo mimi nililicheka. Niliomba msamaha vibaya, maneno yakagongana. Akasema atarudi kazini Kyungu akishafika, si kabla, kwa sababu mto wake anaushona upya. Sijui kama mto ndio sababu. Nimemsaidia mboga. Akanisahihisha mara nne.

Alhamisi, 6 Machi

Lori limekwama. Tope hadi mlangoni. Shofa anasema yule mama aliyempakia Kilwa anakunywa dawa, homa imepungua, na anamfundisha jinsi ya kuendesha.

Ni yeye.

Jumapili, 9 Machi

Amefika. Mwembamba, ananuka samaki ingawa alikaa mbele. Tulisimama kwenye kibaraza kama watu wanaongoja kufunguliwa mlango, na mlango ulikuwa wazi.

Hakueleza kuhusu msiba wa mama. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimetayarisha maswali kwa miaka mitatu, yote makali, na hayakunitoka. Nimempa maji ya kuoga. Kabatini kulikuwa na kile kitenge. Nimekikata katikati kwa mkasi wa kazi. Umekata vibaya, upande wake umekuwa mrefu. Akasema ndivyo inavyotakiwa, yeye ndiye mkubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Umeme umekatika mara mbili tu. Bangili mia mbili na tisini.

Kyungu hakutaka kubaki nyumbani peke yake. Patron alimwangalia, akaniangalia, akasema aketi, kisha akarudi kwenye simu zake. Dada yake mmoja amepatikana. Mwingine bado.

Mapasa wa shaba wamerudi kwenye orodha. Nimechapa lebo moja kwa kila mfuko, nimehesabu mara tatu. Pia zile karatasi za usitenganishe. Kyungu anatia mifukoni, Mama Ngoie anabandika, mimi ninakagua. Mto mpya ni wa kijani. Bado analamba kidole. Bado anawasalimu. Leo sikusema kitu kuhusu mate, ila nilifikiria.

Saa sita Mama Ngoie alitoa karanga kwenye kitambaa. Akazigawa juu ya meza, moja upande wa Kyungu, moja upande wangu, moja kule, moja huku, bila haraka, mpaka kwenye kitambaa ikabaki moja. Akaitazama kidogo. Akaila yeye mwenyewe, ili tusizidiane.

Kyungu akaanza kula. Nami nikaanza.